Mita 60 kutoka antena ya shule: kipimo cha Uingereza cha mwaka 2000 na tunachoweza kukisoma ndani yake

Mwaka 2000 Uingereza ilikuwa na simu za mkononi zipatazo milioni 25 na vituo vya minara karibu 20,000. Kampuni za simu zilitafuta mapaa marefu mijini, shule zilikuwa nayo, na kodi ya paa ni fedha ambayo mwalimu mkuu haikatai kirahisi. Wazazi wakaanza kuuliza: antena iliyofungwa juu ya darasa inawafanya nini watoto wanaosoma chini yake? Serikali ilikuwa imeshaunda jopo huru la wataalamu mwaka 1999, mwenyekiti wake akiwa Sir William Stewart, na ripoti ya jopo hilo ikatoka Mei 2000.

Ndani ya ripoti hiyo kuna matokeo ya vipimo vilivyofanywa na Bodi ya Taifa ya Kinga dhidi ya Mionzi, NRPB. Wataalamu wake walipima sehemu 118 ambazo mtu yeyote anaweza kufika, kuzunguka maeneo 17 yenye vituo vya simu. Sehemu nyingi zilisoma chini ya 0.0001 miliwati kwa sentimita ya mraba, na ndani ya majengo namba zilishuka sana kuliko nje. Sehemu iliyosoma juu kuliko zote 118 ilikuwa uwanja wa michezo, mita 60 kutoka jengo la shule lenye antena juu ya paa. Hapo kifaa kilionyesha 0.00083 miliwati kwa sentimita ya mraba.

Kisa chenyewe ni hicho: uwanja, paa, namba moja. Nakirudia mara kwa mara kwa sababu kila jambo linalowachanganya watu kuhusu minara limo humo, kuanzia mahali namba ilipopatikana.

Kwa nini uwanjani, si darasani

Mzazi anayetazama antena juu ya paa huogopea chumba kilicho chini yake moja kwa moja. Ndivyo jicho linavyoona: kilicho karibu ndicho hatari. Lakini antena ya kituo cha simu haimwagi mawimbi pande zote. Ni antena bapa, na kwa kawaida hufungwa tatu, kila moja ikihudumia theluthi ya duara. Mawimbi yake yamebanwa katika mwale mwembamba kwa kimo na mpana kwa upande, ukielekea mbele karibu sambamba na ardhi huku umeinamishwa chini nyuzi chache tu. Aliyesimama nyuma ya kurunzi au chini yake haoni mwanga mwingi. Anayemulikwa ni aliye mbele.

Jiometri yake ni ya darasa la kawaida. Ikiwa antena iko mita 10 juu ya ardhi na kichwa cha mtoto kiko mita moja na nusu, mstari kutoka antena hadi kichwa hicho mita 60 mbele unashuka kwa nyuzi 8. Hapo ndipo sehemu kali ya mwale inapoweza kugusa watu. Ripoti ya Stewart inasema kwamba mwale wa antena ya mita 15 hufika ardhini kati ya mita 50 na 200 hivi. Darasa lililo chini ya paa limo kwenye pembe ambayo antena hutupa sehemu ndogo sana ya nguvu yake, na bado kuna zege au bati la kupunguza kilichobaki.

Kwa hiyo shule inayosikiliza kilio cha wazazi na kuihamishia antena kwenye jengo la jirani, mita 60 au 100 kutoka uwanjani, inaweza kuwa imeusogeza mwale pale pale watoto wanapocheza. Jopo la Stewart halikupendekeza antena zipigwe marufuku shuleni. Lilipendekeza kwamba sehemu kali kuliko zote ya mwale isiangukie jengo wala kiwanja cha shule bila ridhaa ya shule na wazazi, na kwamba jambo hilo hilo lizingatiwe kwa vituo vilivyo jirani na shule. Kwangu hili ndilo pendekezo lenye akili kuliko yote katika ripoti ile. Linauliza mwale unaelekea wapi. Suala la mnara ni wa nani na umesimama kwenye kiwanja cha nani halina uzito huo.

Hesabu ya karatasi na usomaji wa kifaa

Chukua antena inayopewa wati 60 na kuzikusanya kiasi kwamba mbele yake nguvu ni mara 50 ya ile ambayo ingepatikana kama zingesambaa pande zote sawasawa. Kwa aliye katikati ya mwale ni kama wati 3,000. Sambaza wati hizo juu ya tufe lenye nusu kipenyo cha mita 50, ambalo uso wake ni mita za mraba 31,400 hivi, na utapata takriban miliwati 95 kwa kila mita ya mraba. Hesabu ya ripoti kwa antena ya wati 60 ilitoa jibu la karibu na hilo: miliwati 100 kwa mita ya mraba kwa umbali wa mita 50.

Ukisogea hadi mita 60 hesabu yetu inashuka kuwa miliwati 66. Usomaji wa uwanjani, ukigeuzwa kuwa kipimo hicho hicho, ni miliwati 8.3, yaani moja ya nane.

Pengo hilo halimaanishi kwamba kuna aliyedanganya. Hesabu ya karatasi inachukua kituo kinachofanya kazi kwa uwezo wake wote na mtu aliyesimama katikati kabisa ya mwale. Maisha hayako hivyo. Katika mitandao ya GSM, yaani simu za kizazi cha pili za wakati ule, kituo kilikuwa na chaneli moja inayotoa mawimbi wakati wote kwa nguvu kamili, ili simu zijue kituo kipo. Chaneli nyingine ziliamka watu walipopiga simu na kulala walipokata. Saa nne asubuhi ya siku ya kazi na saa tisa usiku si sawa. Ndiyo maana fundi makini hakuishia kusoma jumla. Alitenga ile chaneli ya kudumu, akaisoma peke yake, kisha akaizidisha kwa idadi ya chaneli zote za kituo ili apate kiwango cha juu kinachowezekana.

Kuna mambo mengine ya uwanjani ambayo karatasi haiyaoni. Mawimbi hugonga kuta, magari na ardhi, yakarudi na kukutana na mengine, mahali pengine yakiongezana na pengine yakifutana. Ukisogeza kifaa kwa sentimita 20 namba inaweza kuruka. Mwili wa anayepima nao unazuia na kurudisha mawimbi, kwa hiyo kifaa huwekwa juu ya miguu mitatu na fundi husimama mbali. Kiwango cha Ulaya kilichokuja baadaye, EN 50492 cha mwaka 2008, kilitaka usomaji kwenye vimo vitatu, mita 1.1, 1.5 na 1.7, kisha wastani wake. Hata hapo, maabara nzuri inakubali kwamba thamani halisi inaweza kuwa mara mbili au nusu ya iliyoandikwa. Ukiletewa ripoti yenye tarakimu nne baada ya nukta na haisemi lolote kuhusu kosa la kipimo, mwulize aliyeiandika alisomea wapi.

Jambo la mwisho kuhusu kifaa. Kuna vipimo vya bei nafuu vinavyojumlisha kila kitu kilichomo hewani na kutoa namba moja. Kwa kisa kama hiki havitoshi, maana kwenye uwanja ule kulikuwa pia na mawimbi ya redio za FM na televisheni. NRPB walitenganisha ishara moja moja, wakajua kila moja inatoka wapi, ndipo wakajumlisha. Walipoweka vyanzo vyote pamoja, hakuna sehemu hata moja kati ya 118 iliyofika asilimia 0.2 ya mwongozo wa kimataifa.

Namba moja, sura nne

Tumeshaandika usomaji ule kwa namna mbili: 0.00083 miliwati kwa sentimita ya mraba, na miliwati 8.3 kwa mita ya mraba. Ni kitu kile kile. Mita moja ya mraba ina sentimita za mraba 10,000, na hapo ndipo magazeti mengi huteleza. Unaweza pia kuuandika kama nguvu ya uga wa umeme, na itakuwa kama volti 1.77 kwa mita. Mtu akitaka kukutisha atachagua sura moja, akitaka kukutuliza atachagua nyingine, na wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Tuseme mawimbi yalikuwa ya megahezi 900. Mwongozo wa mwaka 1998 wa ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, uliruhusu kwa raia wati 4.5 kwa mita ya mraba katika masafa hayo. Usomaji wetu ni asilimia 0.18 ya hapo, chini kwa zaidi ya mara 500. Lakini Uingereza yenyewe, kabla ya ripoti ya Stewart, ilikuwa ikitumia mwongozo wa NRPB wa mwaka 1993 ulioruhusu wati 33. Kwa kipimo hicho uwanja ule uko chini kwa karibu mara 4,000. Jopo la Stewart likashauri nchi ihamie kwenye ICNIRP kwa raia. Siku ushauri huo ulipokubaliwa watoto wale wale, kwenye nyasi zile zile, wakawa wamesogea karibu na kikomo kwa zaidi ya mara saba bila mtu kugusa antena.

Sasa vuka mpaka. Kanuni ya Uswisi iliyoanza kutumika Februari 2000 inaweka volti 4 kwa mita kwa kituo kimoja cha masafa ya 900, pale ambapo watu hukaa muda mrefu: nyumba, madarasa, viwanja vya watoto vilivyotengwa. Volti 1.77 ni asilimia 44 ya kikomo hicho. Tena Waswisi hupima kwa kituo kinachofanya kazi kwa uwezo wake wote, kwa hiyo baada ya kuzidisha kwa chaneli zilizolala namba ingepanda zaidi. Na Salzburg, Austria, ambako wataalamu walikutana Juni 2000, azimio lao lilitaka miliwati 1 tu kwa mita ya mraba kwa mawimbi ya aina ya GSM. Kwa kipimo hicho uwanja umevuka kikomo mara nane.

Kuna mtego mdogo hapa ambao hata wahandisi huingia. Volti 1.77 dhidi ya volti 41 za ICNIRP ni asilimia 4.3. Miliwati 8.3 dhidi ya wati 4.5 ni asilimia 0.18. Ni mahali pamoja, dakika ile ile. Tofauti inakuja kwa kuwa nguvu hukua kwa mraba wa uga: uga ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Anayeandika "asilimia 4" na anayeandika "asilimia 0.2" wanaweza kugombana mwezi mzima huku wamesoma kifaa kimoja.

ICNIRP wanaanzia kwenye joto. Wati 4 zikinyonywa na kila kilo ya mwili, joto la mwili huweza kupanda kwa nyuzi moja hivi ya Selsiasi. Wakagawa kwa 10 kwa wafanyakazi, kwa 50 kwa raia, wakapata wati 0.08 kwa kilo, na kutoka hapo wakakokotoa wati 4.5 za hewani. Waswisi waliongeza tahadhari juu ya hesabu hiyo kwa kuangalia kinachowezekana kiufundi na kwa gharama. Kikomo chao hakitokani na ugunduzi wa madhara kwenye volti 4. Fundi anaweza kukupa volti 1.77. Kama ni nyingi au kidogo ni jambo linaloamuliwa na kamati, na kamati za nchi mbili si lazima ziamue sawa.

Kipimo cha mahali na kipimo cha mtu

Sehemu 118 ni mahali. Mtoto hakai mahali pamoja. Tuseme anacheza kwenye uwanja ule saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki. Saa tano kati ya saa 168 za wiki, zikizidishwa kwa miliwati 8.3, zinampa wastani wa miliwati 0.25 kwa mita ya mraba kutokana na uwanja huo pekee. Hiyo ndiyo namba inayomhusu mtoto, na iko mbali sana na ile iliyoandikwa kwenye ripoti.

Miaka michache baadaye watafiti wa Basel, Uswisi, walifuata njia hiyo. Waliwapa watu 166 vifaa vidogo vya kubeba kwa wiki nzima, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Wastani ulikuwa miliwati 0.13 kwa mita ya mraba. Vituo vya minara vilichangia asilimia 32, simu za mkononi asilimia 29, na simu za mezani zisizo na waya karibu asilimia 23. Mahali palipokuwa na wastani mkubwa kuliko kwingine ni ndani ya treni, miliwati 1.16, ambamo abiria wengi wana simu na mabati yanawarudishia mawimbi. Hakuna aliyeandamana kupinga treni. Hata vifaa hivyo vina dosari: mwili wa aliyekibeba hukinga upande mmoja, kwa hiyo vinaelekea kusoma chini ya uhalisia.

Simu yenyewe ndiyo inayoharibu mahesabu ya wanaotaka mnara uondoke. Simu ya GSM ya masafa ya 900 ilikuwa na uwezo wa kutoa hadi wati 2 kwa kilele, wastani wa robo wati, ikiwa imegusa sikio. Inapokuwa karibu na kituo hupunguza nguvu hiyo kwa mamia ya mara, na mtandao ukiwa dhaifu huipandisha hadi juu. Mnara ukihamishwa mbali na shule, mwanafunzi mwenye simu mfukoni anaweza kupata mawimbi mengi zaidi kuliko awali, yakitoka kwenye simu yake. Jopo la Stewart lililijua hilo, na sehemu kubwa ya tahadhari yake kwa watoto ilihusu simu.

Swali la afya lilifuatwa Uingereza hiyo hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la madaktari la BMJ uliwaangalia watoto 1,397 walioupata ugonjwa wa saratani kabla ya kufika miaka mitano, ukilinganisha makazi ya mama zao wakati wa ujauzito na ya watoto wengine. Watafiti hawakutosheka na umbali kutoka mnara. Walitumia pia jumla ya nguvu za vituo vilivyo jirani na makadirio ya nguvu inayofika mlangoni. Kwa vipimo vyote vitatu hawakuona uhusiano. Kilichonivutia mimi ni kwamba waliuona udhaifu wa umbali. Ukiweka mita 0 hadi 50 kwenye kundi la "walio hatarini zaidi", unaweka humo wakazi wengi walio chini ya mwale, na unawaacha nje walio mita 100 mbele yake.

Ukiutafuta mwale wa hapa kwetu

Tanzania, Tume ya Nguvu za Atomiki ndiyo inayopima mionzi ya minara, na wananchi huiita hasa mnara unaposimikwa karibu na nyumba. Kisa cha Uingereza kinasaidia kujua cha kuomba. Usiridhike fundi akipima chini ya mnara na kuondoka. Hapo ndipo pa kupata namba ndogo. Atembee mita 50, 100, 150 mbele ya uso wa antena. Na mjini, mathalani Kariakoo ambako majengo yameota pande zote, mahali pa kupima ni roshani ya ghorofa inayotazamana na antena ya paa la jirani kwa kimo kile kile, kwa kuwa mwale uko karibu sambamba na ardhi na hakuna ukuta katikati. Anayekaa ghorofa ya saba mkabala ana hoja ya kudai kipimo kuliko muuza chipsi aliye chini ya mnara, ingawa kelele nyingi hutoka kwa wa chini.

Waingereza waliendelea kupima, wakianza na shule. Kazi hiyo ikaishia mikononi mwa Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano, ambaye mwaka 2020 alichapisha vipimo vya vituo 16 vyenye 5G katika miji 10. Jumla ya juu kabisa ilikuwa asilimia 1.5 ya kikomo cha ICNIRP, na sehemu ya 5G peke yake haikuzidi asilimia 0.039. Namba hiyo ya mwisho isomwe kwa uangalifu. Antena nyingi za 5G haziachi mwale mpana umesimama kama zile za mwaka 2000. Zinauelekeza kwa mtumiaji anapoomba data, na mwaka ule watumiaji walikuwa wachache. Ukisimama uwanjani na kifaa bila mtu kutumia mtandao, utapima ukimya. Kwa hiyo anayepima 5G sasa huja na simu yake ya mtandao huo, huiwekea faili kubwa ya kupakua ili mwale uvutwe mpaka pale alipo, na huiweka mita kadhaa kutoka kwenye kipimo, kwa sababu 5G nyingi hutuma na kupokea kwa masafa yale yale na simu ingeweza kusomwa kama mnara.